Kisima chetu kiko wapi kwenye orodha?

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wanakamati wa maendeleo kutoka wadi za Kibwezi Mashariki na Kibwezi Magharibi. Tunayachapisha kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala.



Nimepewa nafasi nizungumze kuhusu orodha. Najua mtu akisikia habari za orodha anatafuta mlango ulipo. Lakini kila mmoja wenu hapa amewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo, kidole kikishuka kwenye karatasi, akitafuta jina la kijiji chake. Ukilipata, unarudi nyumbani na habari. Usipolipata, unarudi na swali, na swali hilo likikaa siku tatu linageuka kuwa uvumi kwamba pesa zimeliwa. Wakati mwingine uvumi huo ni kweli, na hapo sheria ifuate mkondo wake. Wakati mwingine hakuna aliyekula chochote, ila orodha ilipangwa vibaya. Leo nazungumzia hili la pili, kwa sababu ndilo mimi mwenyewe niliwahi kulifanya.

Kabla sijaajiriwa na kaunti nilifanya kazi na shirika moja la maji. Nilikuwa nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu ilikuwa kuandika habari za visima na mabwawa ya mchanga. Lakini kwa kuwa nilikuwa kijana na nilijua kompyuta kidogo, nikakabidhiwa pia orodha ya visima vyote, kila kimoja na wadi yake, mwaka kilipochimbwa, jina la mwenyekiti wa kamati na hali ya pampu. Orodha ilikuwa ndefu. Nikaichapisha, vichwa vya wadi vikiwa na wino mzito, nikaona nimefanya kazi safi.

Siku ya mkutano akaja mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya kisima, na daftari lake ndani ya kyondo. Akaniuliza, "Mwanangu, kisima chetu kiko wapi hapa?" Nikatafuta chini ya kichwa cha wadi yao, mstari kwa mstari. Hakikuwapo. Nikamwambia, tena mbele ya watu, "Mama, kwenye orodha hakipo." Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi maji tuliyokuwa tukinywa yalitoka wapi?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Vipuri vya pampu vilikuwa vinagawanywa kwa kuhesabu visima vilivyo chini ya kila kichwa. Wadi yao ilihesabiwa visima vitatu badala ya vitano, ikapewa vipuri vya visima vitatu. Pampu yao ilikuwa imeharibika. Wakangoja kiangazi kizima, punda wakienda na mitungi ya lita 20 na kurudi, kwa sababu ya karatasi niliyoiandaa mimi.

Kisima kilikuwamo kwenye orodha wakati wote. Nilikipata baadaye, ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa kilichoandikwa "Kibwezi".

Sasa nyinyi mnajua tatizo la kichwa hicho kuliko mtu wa Nairobi. Hakuna wadi inayoitwa Kibwezi. Kuna mji wa Kibwezi, huu tuliomo. Kulikuwa na eneo bunge moja la Kibwezi, ambalo tangu uchaguzi wa 2013 limekuwa mawili. Mashariki kuna wadi nne, ambazo ni Masongaleni, Mtito Andei, Thange na Ivingoni/Nzambani. Magharibi kuna sita, yaani Makindu, Nguumo, Kikumbulyu North, Kikumbulyu South, Nguu/Masumba na Emali/Mulala. Mtu akiandika "Kibwezi" mahali pa wadi, ameandika neno ambalo kila mtu analielewa na ambalo halimwambii mtu lolote. Kuna wadi kumi humo. Ni ipi?

Huyo aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anajaza fomu juu ya boneti la gari, na kwake yeye alikuwa Kibwezi.

Na si hilo tu. Nilipoanza kuipitia orodha ile vizuri nikakuta Kikumbulyu South imeandikwa hivyo, ikaandikwa "Kikumbulyu Kusini", ikaandikwa "K/lyu South", na mahali pengine ikaandikwa sawasawa ila kulikuwa na nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho, nafasi isiyoonekana kwa macho. Binadamu akisoma haya manne anajua ni wadi moja. Kompyuta haijui. Kwake hizo ni wadi nne. Ukiiambia ikuonyeshe visima chini ya kichwa cha kila wadi, itakutengenezea vichwa vinne, na mama atatafuta chini ya kimoja tu.

Dawa ya ugonjwa huu ilipatikana zamani. Mwaka 1970 Mwingereza aitwaye Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, aliandika makala kuhusu namna ya kuweka kumbukumbu nyingi katika kompyuta kwa majedwali yanayohusiana. Mwaka uliofuata aliongeza hatua nyingine za kuyanyoosha majedwali hayo. Wataalamu wa kompyuta huita kazi hiyo nomalaizesheni. Msiogope neno. Wenye maduka mliomo humu mnaifanya kila siku bila kuijua.

Fikirini daftari la madeni. Mteja amechukua sukari, mafuta na unga. Ukiwa mwangalifu, huandiki jina lake kamili, baba yake, kijiji chake na namba yake ya simu kila anapochukua kilo ya sukari. Unayaandika mara moja, ukurasa wa mwanzo, na kumpa namba. Mteja wa 14. Baada ya hapo kila deni ni mstari mfupi wenye tarehe, namba 14, bidhaa na bei. Akibadilisha simu, unafuta mahali pamoja na kuandika upya mahali pamoja. Na kama kuna wateja wawili wenye jina moja, na katika Ukambani akina Mutua ni wengi, namba ndiyo inayokuokoa usimdai Mutua wa huku deni la Mutua wa kule.

Ndivyo ilivyo kwa miradi. Badala ya jedwali moja kubwa lenye kila kitu, unakuwa na jedwali la kaunti ndogo, ambalo kwetu lina mistari 6 tu. Unakuwa na jedwali la wadi, mistari 30, kila wadi na namba yake na namba ya kaunti ndogo iliyomo. Halafu unakuwa na jedwali la miradi, ambalo linaweza kuwa na mistari maelfu, lakini mahali pa wadi pana namba tu, inayochaguliwa kutoka kwenye zile 30. Aliye uwanjani hawezi tena kuandika "Kibwezi", kwa sababu neno hilo halimo katika vya kuchagua. Atachagua Kikumbulyu South au Kikumbulyu North, na kama hajui, atauliza. Kuuliza kwake huko ndiko kunakookoa kisima.

Kuna kanuni chache za kugawanya, na nitazieleza kwa mifano, kwa sababu zikielezwa kwa ufundi wake hata mimi nasinzia.

Ya kwanza ni kwamba kisanduku kimoja kibebe jambo moja. Mmeona fomu zilizoandikwa "Mtoto wa 1, Mtoto wa 2, Mtoto wa 3, Mtoto wa 4, Mtoto wa 5"? Mwenye watoto wawili anaacha nafasi tatu tupu. Mwenye saba anabana watoto wawili pembezoni kwa kalamu, na yule anayeingiza fomu kwenye kompyuta anawaacha hao wawili nje kwa kuwa hawana safu. Hili lina uzito kwetu. Makueni ilipoanzisha mpango wa afya mwaka 2016, ule tuliouita MakueniCare, usajili ulikuwa wa kaya, shilingi 500 kwa mwaka. Kaya ni moja lakini watu ndani yake hawana idadi moja. Kumbukumbu za namna hiyo zinahitaji jedwali la kaya na jedwali la watu, kila mtu na mstari wake na namba ya kaya yake. Hapo hata kaya ya watu 12 inaenea, na mtoto wa saba hafiki kaunta ya hospitali akaambiwa hayumo.

Tahadhari moja ya hapa kwetu. Wadi zetu kadhaa zina mkwaju katikati ya jina, kama Ivingoni/Nzambani, Nguu/Masumba, Emali/Mulala, na huko upande wa Makueni kuna Nzaui/Kilili/Kalamba, yenye mikwaju miwili. Mgeni aliyefundishwa kwamba kisanduku kibebe jambo moja anaweza kuona mkwaju akadhani ni wadi mbili, akazitenganisha. Si mbili. Ni wadi moja yenye jina refu na mwakilishi mmoja. Kompyuta inahitaji kuelezwa hivyo na mtu anayejua mahali, ndiyo maana nasema kazi hii haiwezi kuachiwa fundi wa mitambo peke yake.

Kanuni nyingine ni kwamba jambo likae na mwenyewe. Simu ya msimamizi wa wadi ni habari ya wadi, si habari ya kisima. Ukiiandika kando ya kila mradi, basi siku msimamizi anapohamishwa lazima uibadilishe kila mahali, na nawahakikishia kuna mahali utasahau. Baada ya mwaka mmoja orodha hiyo hiyo itakuwa na wasimamizi wawili wa wadi moja, na mwananchi atampigia yule aliyehama. Vivyo hivyo jina la kaunti ndogo. Ukishajua mradi uko Thange, huna haja ya kuandika tena kwamba Thange iko Kibwezi Mashariki. Jedwali la wadi linajua.

Tunapata pia shida ya majina yanayopanda ngazi. Mbooni ni wadi na ni kaunti ndogo. Makueni ni kaunti ndogo na ni kaunti nzima. Mradi ukiandikwa "Makueni" tu, uko Wote au uko popote kutoka Kalawa hadi Mtito Andei? Na majina ya vijiji vyetu, yaliyotokana na miti, vilima na mito, hujirudia. Jina ulilozoea kwenu unalikuta tena wadi nyingine. Ushirikishi wa umma katika kaunti yetu huanzia kijijini, ukapanda hadi kwenye makundi ya vijiji, ambayo ni 377, kisha wadi ndogo, wadi, na kaunti ndogo. Ngazi zote hizo zikitegemea jina peke yake, tutapotezana. Zikitegemea namba, jina linabaki la watu kusoma na namba inabaki ya kuunganisha.

Sasa mtasema, "Umeivunja orodha vipande vipande. Sisi tunataka kuisoma." Ni kweli, hakuna mwananchi anayetaka kusoma "wadi namba 17, aina ya mradi 3". Kuhifadhi ni kazi moja na kuonyesha ni kazi nyingine. Makosa mengi niliyoyaona hutokana na kuzichanganya hizi mbili.

Naeleza lile linaloonekana sana. Karani anafungua karatasi ya hesabu ya kompyuta. Anaandika "MAKINDU" kwa herufi kubwa katikati, kisha chini yake miradi ya Makindu, bila kuandika wadi kando ya kila mradi, kwa kuwa kichwa kipo juu. Anaruka mstari, anaandika "NGUUMO", na kuendelea. Inapendeza. Kisha mkubwa anakuja na kusema, "Hebu ipange kwa bei, nione miradi mikubwa kwanza." Karani anabonyeza kitufe. Miradi inapangika kwa bei, na vichwa vyote, kwa kuwa havina bei, vinarundikana mwisho wa karatasi. Sasa una miradi isiyojua wadi yake na wadi zisizojua miradi yake. Kama hakuna nakala, hapo ndipo watu huanza kukisia, na katika makisio hayo kijiji cha mtu kinaweza kuhama.

Na kuna ndugu yake kosa hilo, yule anayeandika "JUMLA" chini ya kila wadi ndani ya orodha hiyo hiyo. Mwishoni anajumlisha safu nzima, na zile jumla ndogo zinahesabiwa tena. Kaunti inaonekana imetumia mara mbili ya ilichotumia. Mwandishi wa habari akiipata karatasi hiyo, na mimi nimewahi kuwa mwandishi wa habari, kesho yake ni kichwa cha gazeti.

Namna iliyo sawa ni kwamba kichwa hakihifadhiwi mahali popote. Kichwa hutengenezwa wakati wa kuonyesha. Kompyuta inayaunganisha majedwali kwa zile namba, inapanga mistari kwa kaunti ndogo, ndani yake kwa wadi, ndani yake kwa mwaka. Kisha inapita mstari mmoja mmoja ikikumbuka wadi ya mstari uliotangulia. Wadi ikiwa ile ile, inaandika mradi tu. Wadi ikibadilika, inaandika kichwa kipya kwanza. Ni kazi ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya kwa kalamu, mradi mistari iwe imepangwa kabla. Isipopangwa, utaona "Makindu", kisha "Thange", kisha "Makindu" tena, na mtu atasoma Makindu ya kwanza na kwenda zake akidhani amemaliza.

Faida yake ni kwamba kutoka kumbukumbu zile zile unaweza kutoa orodha nyingine bila kuandika upya. Wenye kamati za maji wanataka vichwa vya aina ya mradi: visima, silanga, mabwawa ya mchanga. Mkaguzi anataka vichwa vya mwaka wa fedha. Mwanakandarasi akitajwa katika malalamiko, unataka kichwa cha jina lake na kila mradi aliopewa, kila wadi. Hicho cha mwisho ndicho watu wachache hupenda kukiona kikichapishwa, na ndicho chenye manufaa kuliko vyote.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo hata wataalamu hulisahau. Tuseme wadi moja haikupata mradi wowote wa maji mwaka huu. Ukitengeneza vichwa kutokana na orodha ya miradi, wadi hiyo haitakuwa na kichwa. Haitaandikwa kwamba imekosa, haitaonekana kabisa. Anayesoma ataona vichwa 29 na hatajua kuna cha 30. Lakini hiyo ndiyo wadi yenye swali zito kuliko zote! Kwa hiyo vichwa lazima vitokane na jedwali la wadi, lile la mistari 30, halafu miradi iletwe chini yake. Wadi isiyo na mradi itabaki na kichwa chake, na chini yake paandikwe wazi, "Hakuna mradi wa maji mwaka huu." Najua si sentensi ambayo ofisi inafurahia kuichapisha. Lakini wanawadi hao wanajua tayari kwamba hawakupata. Wanachotaka kuona ni kama sisi tunajua.

Lingine ni miradi inayovuka mipaka. Maji hayajui wadi. Bomba la Nol-Turesh linaanzia chini ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok na kupita kwetu hadi Machakos. Hilo linavuka kaunti tatu. Mradi mdogo wa bomba unaweza kuvuka wadi mbili kwa urahisi. Utauweka chini ya kichwa gani? Ukiuweka chini ya wadi moja, wadi nyingine itasema imenyimwa. Ukiuandika mara mbili kwa bei kamili, jumla ya kaunti itavimba. Suluhisho ni jedwali dogo la katikati, lenye namba ya mradi na namba ya wadi tu, mstari mmoja kwa kila wadi inayoguswa. Mradi unabaki mmoja wenye bei moja, lakini unaonekana chini ya vichwa viwili, ukiwa na alama kwamba ni wa pamoja. Jumla ya kaunti ihesabiwe kutoka jedwali la miradi, si kwa kujumlisha jumla za wadi. Mkiona jumla hizo mbili zinatofautiana, msianze na neno wizi. Anzeni kwa kuuliza ni miradi mingapi ya pamoja. Mkishajibiwa, na hesabu bado haikai, basi endeleeni kuuliza.

Hili linawahusu nyinyi wanakamati kwa namna ya pekee. Mnaosimamia miradi mnajua saini yenu inahitajika kabla mwanakandarasi hajalipwa. Mtasaini vipi kazi ambayo hamwezi kuipata kwenye orodha? Kaunti yetu ilifungua tovuti ya kandarasi za umma mwaka 2019, ambayo mradi unaweza kufuatwa kutoka mpango, zabuni, mkataba, hadi utekelezaji. Kinachowezesha jambo hilo ni kile kile cha daftari la duka. Mradi una namba yake, na kila hatua ina jedwali lake linaloibeba namba hiyo. Kwa hiyo mkiandika malalamiko, andikeni namba ya mradi. Barua inayosema "kile kisima cha karibu na soko" itazunguka ofisi tatu. Yenye namba inajibiwa na mtu mmoja.

Kugawanya majedwali kunasaidia pia kuficha kinachostahili kufichwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haituruhusu kutundika ukutani habari za mtu binafsi ovyo. Habari za mradi ni za umma. Simu ya mwenyekiti, namba ya kitambulisho cha mwenye kaya, ugonjwa wa mtu, hizo si za ubao wa matangazo. Yote yakiwa katika karatasi moja, mtu atachapisha karatasi nzima kwa haraka. Yakiwa kando, unachapisha jedwali la miradi na la watu linabaki ofisini.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijaanza kuzungumza, kama mwananchi anaweza kudai orodha ipangwe anavyotaka yeye. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ukieleza unachotaka, na ofisi inapaswa kukupa uamuzi ndani ya siku 21. Ukinyimwa bila sababu ya haki, unaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman. Ushauri wangu ni huu: usiombe "habari zote za maji". Omba miradi ya maji ya wadi yako, kwa miaka fulani, kila mradi na namba yake, bei yake, mwanakandarasi wake na hali yake. Ukiomba hivyo umemrahisishia karani kazi, na umemnyima pia mahali pa kujificha.

Yule mama niliwahi kumwona tena, sokoni, akiuza ndengu. Nilimsalimia nikamwambia nimekipata kisima chake, kilikuwa chini ya kichwa kingine. Akasema, "Mimi nilijua kiko. Ni wewe ulikuwa umepotea." Akanipimia ndengu kilo mbili, akanitoza bei kamili.

Sasa kila mwenyekiti ana karatasi mbele yake. Hii ni rasimu, haijachapishwa popote. Tafuteni wadi yenu, vichwa kumi vimo vyote, hata visivyo na kitu chini yake. Mkiona mradi uko mahali pasipo pake, au jina la kijiji limekosewa, au kuna kisima mnachokunywa maji yake na hakimo humu, andikeni pembeni kwa kalamu, na namba ya mradi kama ipo. Msimamizi wa wadi atazikusanya mlangoni mnapotoka kwenda kupata muthokoi. Wanaosahau miwani, vijana hawa wa mbele watawasomea.